Vichwa Vitatu vya Fisi Juu ya Kabati

Wenzangu wa karakana, mlisema niandike. Siku mliyoniaga, kabla keki haijakatwa, mmoja wenu alisimama akaniomba mbele za watu niweke kwenye karatasi habari za tulikotoka, ili wapya wasome, wacheke kidogo na kujifunza kidogo. Nilikubali kwa kutikisa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa soda. Kisha mkaweka muziki, na watatu kati yenu wakashusha vile vichwa vitatu vya fisi vinavyokaa juu ya kabati la ofisi, wakavivaa, wakanichezea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nikamsikia mtu nyuma yangu akisema mzee kachoka. Sikuwa nimechoka. Vichwa vile navijua ndani na nje, najua vilimwagwa siku gani na kwa mkono wa nani. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke huku mwanzoni.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Wapo wanaozipenda, wamkute mhasibu.

Nilikuwa fundi wa makochi na magodoro katika duka la Bwana Nassoro pale mjini Sumbawanga, yule mzee mnayemwona kwenye picha ukutani. Ukoo wao ni wa maduka na malori tangu sijazaliwa. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na makopo mawili na ndoo moja, akaniita stoo, akaniambia huko kuna watu wanatengeneza kofia za vita, mapanga na vichwa vya wanyama kwa ajili ya maigizo na filamu, vitu vyenye sura ya chuma lakini vyepesi kama mkate. Akauliza kwa nini parokia zetu kila Pasaka zikodi mavazi ya askari wa Kirumi kutoka Mbeya, wakati yeye ana malori na mimi najua sponji. Alinichagua mimi kwa sababu hiyo tu, kwamba najua sponji. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba sponji ya kochi unaikata kwa kisu ikakutii, na povu la kumwaga linajiamulia lenyewe.

Akapanga ile nyumba ya Malangali mnayoiita karakana. Wakati huo haikuwa na dari wala rafu. Siku ya kwanza nilimkuta mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakanda udongo. Alikuwa dada Leokadia, mtu wa Msanzi, mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Alikuja mjini na mumewe, mume akafariki, akabaki anauza vyungu sokoni, na huko ndiko Bwana Nassoro alikomwona akichonga uso wa mtu kwenye shingo ya mtungi kama mchezo. Alinizidi miaka sita. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatazama viatu vyangu, akaniambia hapo ninaposimama ni juu ya udongo wake. Wiki nzima ya kwanza nilichekecha udongo. Mimi, fundi mwenye mkasi wangu mwenyewe, niliyekuwa naheshimika mtaa mzima, nachekecha udongo kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Nilimchukia kiasi.

Ninyi mnakuta kalibu, yale maumbo ya kumwagia, zimepangwa rafuni, mnadhani zilizaliwa hivyo. Kwanza dada Leokadia alichonga kitu kwa udongo: kofia, kichwa, mkono wa jini, chochote. Akakilainisha kwa kitambaa chenye maji, akakipaka vanishi. Kisha tunachanganya silikoni na dawa yake ya kugandisha, tunapaka koti la kwanza jembamba kwa brashi, taratibu, ili hata mkunjo wa kope usipotee. Tunagonga meza kutoa mapovu ya hewa. Tunaongeza makoti mazito, katikati tunatandika vipande vya chandarua kikuukuu ili isichanike. Juu yake tunavisha plasta iliyochanganywa na katani, kama wanavyofanya mafundi wa dari, kwa sababu silikoni peke yake ni legelege, inahitaji kitu kigumu cha kuishikilia. Ikikauka, unafungua, unatoa udongo, na ndani umebaki uso wa kitu bila kitu chenyewe. Hapo ndipo unapomwaga povu.

Mwezi wa pili wa kazi niliharibu. Ilikuwa kofia ya askari, kalibu ya vipande viwili, mbele na nyuma. Kipande cha kwanza alikimaliza dada Leokadia, akaenda msibani, akaniachia nimwage cha pili. Silikoni ina tabia moja: haishiki ubao, haishiki bati, haishiki kioo, wala haishiki ngozi yako. Inashika silikoni tu, na ikishika haiachii. Ndiyo maana kabla ya kumwaga kipande cha pili unapaka vaselini kwenye ukingo wa cha kwanza. Alikuwa ameniambia mara tatu. Nikamwaga bila kupaka. Aliporudi jioni vipande viwili vilikuwa tofali moja, na kofia ya udongo imefungiwa ndani, kazi yake ya siku tisa.

Alikaa chini kwanza. Halafu akachukua kisu cha jikoni, akakinoa, akaikata ile kalibu kwa mkato wa kupindapinda, kulia na kushoto, ili vipande vikirudishwa viumane vyenyewe. Mkato ulionyooka ungeteleza. Bwana Nassoro alipokuja kukagua na kuona ule mkato wa ajabu, nilishika ufagio nikajifanya nafagia. Dada Leokadia akamwambia ni mtindo mpya, amejaribu mwenyewe. Kalibu hiyo bado ipo rafu ya chini, ile mnayoiita ya kovu. Sasa mnajua kovu lake lilitoka wapi na nani alilibeba.

Povu alinifundisha yeye vilevile. Kuna kopo jekundu na kopo la bluu. Ukiyachanganya una muda mfupi sana wa kukoroga, kisha linaanza kuvimba, na likianza halikusikilizi. Ukikoroga kidogo linabaki na mabaka ya mafuta, ukizidisha linavimbia ndooni badala ya kwenye kalibu. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Dada Leokadia alipima kwa sala. Salamu Maria mbili, za haraka, kwa pumzi moja, mkono unakoroga bila kusimama, na ikifika Amina ya pili anamwaga. Siku za baridi Salamu Maria tatu. Alikuwa na kifua cha ajabu. Alizisoma zote tatu bila kuvuta hewa katikati, na mimi niliyekuwa mdogo kwake nilikuwa nakata njiani. Bwana Nassoro, Mwislamu wa swala tano, alizizoea mpaka akawa anajua kwa sikio. Siku moja alikuwa mlangoni anaongea na dereva, akageuka akamwambia, dada, leo umekatisha. Na kweli lile povu lilitoka na mabaka.

Tukafanya kazi miaka mingi namna hiyo. Askari wa Pasaka wa nusu ya parokia za huku juu walivaa vifua vyetu. Tulitengeneza hindi kubwa la kuvaa mtu kwa ajili ya duka la mbegu, na kijana aliyelivaa akaanguka kwenye mtaro kwa sababu tulisahau kumtobolea macho. Tulitengeneza mawe ya povu ambayo mwigizaji mmoja aliyatupa kwa hasira ya kweli, yakapeperushwa na upepo. Tulitengeneza hata barakoa za vita, zile zenye mdomo wa nguruwe za kuzuia gesi ya sumu, kwa watu wa filamu. Thelathini tulimwaga, vichujio tumevichonga vizuri mpaka vitundu vinahesabika, na sisi wenyewe tumejifunga kanga na leso puani, au hatukujifunga kitu.

Wateja kutoka mbali walikuwa na utani wao mmoja, huohuo kila mara. Wanakuta vichwa vya wanyama vimeanikwa juani, wanatoa macho, wanasema ndiyo maana Sumbawanga mnaogopwa kwa uchawi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya mia nilikuwa nataka kumrushia mtu ndoo.

Katikati ya miaka hiyo Bwana Nassoro alihitaji msimamizi. Nimesema vyeo sitaandika, lakini hiki lazima nikitaje kwa sababu bila hicho hamtaelewa yanayofuata. Alinichagua mimi. Mimi niliyefundishwa nikawa msimamizi wa aliyenifundisha. Sababu alizotoa ni kwamba mimi najua kuandika barua vizuri na kuongea na wateja. Dada Leokadia naye alijua kuandika, hakuna aliyemwuliza. Alinipa mkono wa hongera, akarudi kwenye udongo wake. Nilipewa funguo za kabati, nikazifunga kiunoni, na nawaambia ukweli, nilipenda zinavyolia nikitembea.

Sasa tuje kwenye baridi. Ninyi mliokulia huku hamhitaji kuelezwa Juni na Julai zinavyokuwa. Upepo unatoka uwandani hauna pa kugonga, unaingia mlangoni kama mwenye nyumba. Povu halipendi baridi. Linavimba nusu, linasinyaa, ukifungua kalibu unakuta pua imezama na shavu lina shimo. Makopo yanatoka mbali, na kila kichwa kilichosinyaa ni cha kutupa. Tulijaribu kuyapasha makopo juani, jua lenyewe halina nguvu. Tulijaribu kuyafunika blanketi. Mwishowe nikatoa agizo kama msimamizi. Nikanunua nailoni nzito, nikaziba madirisha yote mawili, nikapigilia misumari kuzunguka fremu, nikaweka jiko la mkaa katikati ya chumba na kufunga mlango.

Povu likavimba. Likavimba vizuri kuliko miezi ya joto. Bwana Nassoro akafurahi, mimi nikafurahi, na kila mwaka ikifika Juni nailoni inapanda. Ikawa desturi ya karakana. Watu wa Dar wangecheka, wao hawahitaji jiko. Kosa hili lilitaka watu wa Ufipa hasa.

Msije mkasema hatukujua. Kwenye kila kopo palikuwa na karatasi ya maandishi ya kigeni, na pembeni picha mbili: dirisha lililofunguliwa, na kichwa cha mtu aliyevaa barakoa. Kwa picha huhitaji shule. Niliziona kila siku ya kazi. Na Bwana Nassoro, msimwonee, alileta boksi zima la barakoa za kweli zenye vichujio. Nilizipokea mimi. Nikazifungia kabatini kwa ufunguo wangu ili zisiishe ovyo. Zilikuwa zinatoka siku ya wageni, tunapiga nazo picha, jioni nazihesabu na kuzirudisha. Boksi lile lilikuja kukutwa limejaa vumbi, mpira wa kufungia umekauka na kukatika wenyewe. Hazikuvaliwa hata siku moja ya kazi.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, kikundi cha maigizo cha Mbeya kiliagiza vichwa kumi na viwili vya fisi. Dada Leokadia alichonga fisi wa udongo kwa siku tano, mpaka leo sijaona kitu kama kile, mdomo umeachama nusu kama anayetaka kukuambia jambo. Tulikuwa na kalibu mbili za kichwa hicho. Wenyewe walikuwa wanakuja kuvichukua siku ya tatu, na bado kupaka rangi, kwa hiyo ilibidi vichwa vyote vimwagwe kwa siku moja. Tukaanza asubuhi. Madirisha yamezibwa, jiko linawaka, yeye anakoroga na kumwaga, mimi nafungua kalibu na kupunguza kingo. Ilipofika mchana akaanza kukohoa. Mkaa siku hiyo haukuwa mzuri, nikadhani ni moshi. Tukamaliza kazi. Jioni akashindwa kupanda kile kilima kidogo cha kwenda kwake, akakaa njiani juu ya jiwe mpaka mtu wa bodaboda akamwonea huruma.

Baada ya hapo hakuwa yule. Anapumzika siku mbili, anarudi, anasogelea makopo, kifua kinafunga. Ikafika mahali hata harufu ya kopo kutoka mlangoni ilikuwa inamtosha. Hospitalini daktari alimuuliza anafanya kazi na nini, akajibu povu, daktari akadhani ni sabuni. Akaomba karatasi ya kopo, nikaipeleka mimi. Aliisoma, akasema mapafu yake yameshaikataa dawa hiyo, asiisogelee tena maisha yake yote, na kilichoharibika hakirudi. Akaniuliza chumba kina madirisha mangapi. Nikasema mawili. Sikusema zaidi, na ninavyoona sikudanganya.

Aliacha kazi, akaenda kukaa kwa binti yake kule Mollo. Bwana Nassoro alimpelekea unga na blanketi, akamlipia matibabu mpaka yeye mzee alipofariki. Karakanani mimi nilisema ni baridi. Nikasema wafinyanzi wote wanaharibika vifua kwa moshi wa kuchomea vyungu, na yeye ameukulia moshi huo. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka ikawa habari rasmi, na wale waliokuja baada yangu wakaipokea hivyo. Wiki ileile nikang'oa nailoni. Watu wakauliza kwa nini, nikawajibu karakana ina giza.

Mollo si mbali, bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza kufikiri. Kwa miaka minane nilikwenda mara mbili, zote na watu wengine, zote nikiwa nimebeba sukari. Nilikaa karibu na mlango, nikasifia mahindi ya binti yake, nikaangalia saa. Kazi ilikuwa kisingizio kizuri. Mliponiaga, kisingizio kikaisha.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimejipanga, maneno nimeyafanyia mazoezi siku nzima kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimkuta uani kwenye kigoda, amejifunga shuka begani, anachagua ulezi kwenye ungo. Zamani ungo huo angeupepeta amesimama. Nikasema shikamoo dada, akaitika, akaniambia nimezeeka. Nikakaa. Nikamweleza mlivyoniaga, na kwamba mmeniomba niandike habari za kazi yetu. Kisha nikayatoa yale niliyokuja nayo. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyeziba madirisha. Nikamwambia misumari ile niliipigilia kwa mkono wangu, nilikuwa nimeziona zile picha kwenye kopo, barakoa nilizifungia, na kwa miaka yote hii nimewadanganya watu kuwa ni baridi. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya madirisha.

Aliendelea kuchagua ulezi. Nilidhani hakusikia.

"Madirisha tuliziba wote, Fidelis," akasema. "Nani alikuwa anakushikia misumari?"

Ni kweli. Alikuwa amesimama pembeni ya ngazi, misumari ameibana midomoni, ananipa mmoja mmoja. Nilikuwa nimemtoa kwenye picha ile. Nilikuwa nimejibebesha dirisha zima peke yangu, na nadhani nilikuwa nimeshaanza kujivunia uzito wake.

Alipumzika. Anaongea maneno machache, anapumzika, anaendelea, kama mtu anayechota maji kisima kikavu. Akaniambia picha za kwenye kopo yeye naye aliziona, ana macho. Barakoa angeweza kuzidai, hakudai, alikuwa anaona zinatia joto. Hayo ni ya kwetu wote wawili, na ya kwake ameshayamaliza na Mungu wake.

"La kwako ni lingine," akasema. "Siku ya fisi. Vilikuwa vimebaki vitatu. Nikakwambia kifua kinabana, nataka nitoke nje. Ukanijibu nini?"

Nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Nilikuwa nakumbuka mpaka ndoo niliyokuwa nimeshika.

"Ulisema, dada, malizia hivyo vitatu kwanza, halafu utoke. Wewe ulikuwa na funguo. Nikamalizia."

Nikasema samahani, likatoka neno dogo sana. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Akaniuliza kama hilo nitaliandika. Nikasema sijui. Akasema niandike, maana hao watoto mimi nimewafundisha kuogopa kuharibu povu, wajue na hili.

Sasa rudini juu, pale nilipoandika habari za siku ile. Nimeandika akaanza kukohoa, nikadhani ni moshi, tukamaliza kazi. Sehemu hiyo niliiandika kabla sijaenda Mollo, na nilipoiandika sikuona kasoro yoyote, nilijiona mkweli kabisa. Ningeweza kuifuta na kuipanga upya. Nimeiacha hivyohivyo ili mwone mtu anavyopita juu ya kitu kwa maneno machache. Na ninyi msijifanye wema sana. Madirisha mnafungua, hongereni, feni mmefunga, lakini nawaona mnavyozining'iniza barakoa shingoni, na namwona kiongozi wenu wa zamu anavyotazama saa mtu akiomba kutoka. Mimi ndiye niliyemfundisha kutazama hivyo. Mtu akisema kifua kinabana, ndoo iwekwe chini hapohapo, povu livimbie sakafuni, potelea mbali. Mwondoleeni ndoo mkononi, asiachiwe aamue mwenyewe, kwa sababu mfanyakazi mzuri atamalizia.

Nilipoinuka kuaga, dada Leokadia alinirudisha chini kwa mkono. Alikuwa na swali. Alitaka kujua vile vitatu viliishia wapi, kama vilipendeza jukwaani, kwa sababu ofisini hakuwa anaingia, na hakuwahi kusikia.

Nilifikiria kumwambia vilipendeza. Nikamwambia ukweli. Watu wa Mbeya walipokuja walisema waigizaji wamepungua. Wakachukua tisa. Vile vitatu vya mwisho havikuhitajika, viko juu ya kabati la ofisi mpaka leo.

Akanitazama, halafu akacheka. Alicheka kwa kweli, kama alivyokuwa anacheka zamani, mabega yanaruka, na katikati kicheko kikageuka kikohozi. Ungo ukamponyoka, ulezi ukamwagika uani. Binti yake akatoka mbio ndani na maji, akampiga mgongoni, akanitazama mimi. Nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Nikajikuta nahesabu, bila kutaka, kwa namna aliyonifundisha. Zilifika Salamu Maria tatu, kipimo cha siku za baridi, ndipo akavuta pumzi.